Mbona Hatuungui? Hotuba ya Siku ya Sayansi kwa Wanafunzi na Wazazi

Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, walimu wenzangu, wazazi mliosafiri na baridi hii, na ninyi wanangu: kamwene!

Ratiba inasema nina dakika 40, na baada yangu ni ngoma, halafu wali. Anayesimama kati ya watu na wali hapendwi, nalijua hilo tangu nikiwa kazini. Basi nitauzungumzia huo huo wali, lakini ukiwa umeshapita kooni, tumbo limeusaga, utumbo umeunyonya, na damu imeufikisha mlangoni kwa seli ukiwa umegeuka glukosi, yaani sukari. Vitabu vingi vikifika hapo huongeza mwendo. Mimi leo nataka tupaki hapo hapo.

Nimekuja pia kulipa deni. Miaka mingi iliyopita, nikifundisha kidato cha pili, niliandika ubaoni mlinganyo ule mnaoujua wote: glukosi na oksijeni upande wa kushoto, mshale, halafu hewa ya ukaa, maji na nishati upande wa kulia. Nikapangusa chaki mikononi, nikageuka, nikasema, "Kwa kifupi, oksijeni inakiunguza chakula ndani ya mwili." Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama chakula kinaungua, mbona sisi hatuungui?" Darasa lilicheka. Nami nikacheka nalo, nasema kwa aibu, nikamwambia hayo atayajua akifika kidato cha sita. Kusema kweli sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la mtihani tu, na mtihani haukuwahi kuuliza swali lile.

Tuanze na mtu aliyefananisha kupumua na kuungua, maana hakuwa mjinga hata kidogo. Antoine Lavoisier, Mfaransa, katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, pamoja na mwenzake Laplace, walimchukua simbilisi, mnyama yule yule anayekimbiakimbia kwenye majiko ya nyumba nyingi za huku kwetu. Wakamweka ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Joto la mwili wake likayeyusha barafu, maji yakachuruzika, wao wakayapima. Wakapima pia kiasi cha hewa ya ukaa anachotoa akipumua. Kisha wakaunguza mkaa, wakapima joto lake na hewa yake ya ukaa. Hesabu mbili zikakaribiana. Lavoisier akahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole, kama mkaa. Miaka kumi na kitu baadaye, tarehe 8 Mei 1794, mapinduzi yalimkata kichwa, kwa sababu alikuwa pia mkusanya kodi. Simbilisi, nadhani, alikufa kwa uzee.

Hesabu ya Lavoisier haina kosa. Gramu 180 za glukosi ukizitia moto mpaka ziishe, utapata kilojuli 2,800 hivi. Zikitumika ndani ya mwili wako mpaka ziishe, jumla ni ile ile, kilojuli 2,800. Kinachoingia ni kile kile, kinachotoka ni kile kile. Tofauti iko njiani, na mshale wa ubaoni umeificha njia yote.

Wote mmepita mlima Kitonga. Lori lililobeba saruji linaposhuka pale linatumia gia nzito, kona baada ya kona, breki zinanuka, utingo ameshika roho mkononi. Lori lingine linaweza kushuka kimo kile kile kwa sekunde chache: linaacha barabara na kwenda moja kwa moja bondeni. Kimo ni kimoja, nishati iliyoachiliwa ni moja. Moto ni lori la pili. Seli ni lile la kwanza, na kila kona ya Kitonga yake kuna mtu amesimama kuchota kidogo cha nishati ile kabla haijapotea.

Sasa shikeni jambo moja ambalo mimi sikuwahi kulisema darasani. Glukosi na oksijeni, tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, hazikutani. Oksijeni haiigusi glukosi hata mara moja. Nitairudia sentensi hii baadaye, na nikiirudia itawaeleza kwa nini jiko la mkaa linaua.

Glukosi ikiingia kwenye seli inakatwa vipande viwili. Kazi hii inafanyika kwenye ute wa seli, kwa hatua 10, kila hatua na kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha kazi hiyo, na haihitaji oksijeni. Faida yake ni ATP 2. Wazazi wanaojiuliza ATP ni nini, fikirieni chenji. Ukipanda daladala alfajiri na noti ya elfu kumi, konda atakutazama kwa huruma halafu atakushusha. Glukosi ni noti ya elfu kumi. Msuli unaotaka kujikunja, neva inayotaka kupeleka habari, figo inayotaka kusukuma chumvi, wote hao ni makonda, wanataka sarafu. ATP ndiyo sarafu. Na sarafu hii haiwekwi kibubu. Wakati wowote mwilini mwako pana ATP kidogo tu, pungufu ya robo kilo, lakini inatumika na kutengenezwa upya mara nyingi kiasi kwamba kwa siku moja mtu mzima huzungusha ATP inayokaribia uzito wa mwili wake mwenyewe.

Vipande vile viwili, vinavyoitwa piruvati, vinaingia kwenye mitokondria, vile vyumba vidogo vya nishati ndani ya seli. Mlangoni kila kimoja kinanyang'anywa kaboni moja, na kaboni hiyo inatoka kama hewa ya ukaa. Kilichobaki kinaingizwa kwenye mzunguko wa Krebs, ule mnaoukariri kama ngonjera mkifika kidato cha tano. Sitaupitia. Atakayetaka majina yake yote ya asidi yamo kwenye daftari lake. Nitasema tu habari ya mwenyewe Hans Krebs. Alikuwa daktari Myahudi wa Ujerumani, akafukuzwa kazi mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani, akakimbilia Uingereza. Huko Sheffield alisaga misuli ya kifua cha njiwa, msuli unaofanya kazi bila kuchoka, akaangalia unavyokula asidi moja na kutoa nyingine, hadi akagundua kwamba hatua zile hazina mwanzo wala mwisho, zinazunguka. Mwaka 1937 akapeleka habari hiyo kwenye jarida la Nature. Wakamrudishia: tumejaza nafasi, jaribu kwingine. Akaichapisha kwenye jarida dogo zaidi, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Wanangu mtakaorudishiwa maombi ya chuo mwaka huu, mmesikia.

Mzunguko unapoisha kazi yake, kaboni zote 6 za glukosi zimeshatoka mwilini kama hewa ya ukaa. Glukosi haipo tena. Na tuhesabu mfukoni: tuna ATP 4 tu. Wapi ile nishati nyingine? Na oksijeni iko wapi? Bado haijaonekana! Ile hewa ya ukaa unayoitoa puani sasa hivi, oksijeni iliyomo ndani yake haikutoka kwenye hewa uliyovuta. Ilitoka kwenye chakula chenyewe na kwenye maji.

Nishati imebebwa na elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi. Katika safari yote ile, kazi kubwa ilikuwa kuichuna glukosi elektroni zake, mbili mbili, na kuzipakia kwa wabebaji. Mbebaji mkuu anaitwa NAD, na akishapakia anaitwa NADH. Kwa kila glukosi moja wanajaa wabebaji 12: NADH 10 na wenzao 2 wa aina nyingine. Hao wanakwenda kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Mmewahi kujenga darasa kwa msaragambo? Watu wanapanga mstari kutoka kwenye rundo la matofali hadi ukutani. Wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, hadi kwa fundi aliye juu ya ukuta. Hakuna anayetembea, linalotembea ni tofali. Ndani ya utando ule kuna mstari wa protini zenye madini ya chuma na shaba, na tofali linalopita mkononi mwao ni elektroni. Kila inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine inapungukiwa nguvu kidogo, na nguvu hiyo inayopungua inaendesha pampu. Pampu inachukua protoni, yaani hidrojeni zilizopoteza elektroni zao, na kuzisukuma upande wa pili wa utando.

Sasa fikirini bwawa la Mtera. Maji yamejaa nyuma ya ukuta, yanataka kushuka, na njia yaliyoachiwa ni moja tu, kupitia kwenye mtambo. Yakipita yanauzungusha, tunapata umeme, kisha yanateremka na Ruaha hadi Kidatu yakafanye kazi tena. Mitokondria ni bwawa la namna hiyo, ila lake halijazwi na mvua, linajazwa na zile pampu, na linajazwa protoni. Utando wake una unene wa sehemu 5 hivi za milioni za milimita, na tofauti ya umeme kati ya pande zake mbili ni kama milivolti 150. Mnaosoma Fizikia gawanyeni mkirudi bwenini, muone ni volti milioni ngapi kwa mita. Mtashangaa kwamba hamjapigwa shoti na miili yenu wenyewe.

Na mtambo upo, sitoi mfano tu. Ni protini yenye mhimili unaozunguka kweli kweli, zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3. Mwaka 1997 watafiti wa Japani waliubandika mhimili huo uzi mdogo unaong'aa, wakaweka chini ya hadubini, wakauona unazunguka kama pangaboi. Mwaka huo huo Paul Boyer na John Walker walipata Nobel kwa kueleza jinsi mtambo huu unavyofanya kazi.

Wazo la bwawa alilitoa Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961. Wenzake wengi waliona ni upuuzi. Wao walikuwa wanatafuta kemikali fulani ya katikati inayobeba nishati kutoka kwenye elektroni hadi kwenye ATP, na walikuwa wameitafuta miaka mingi bila kuipata. Mitchell akasema hamuipati kwa sababu haipo, tazameni utando. Aliugua vidonda vya tumbo, akaacha chuo kikuu, akakarabati nyumba ya zamani kule Cornwall na kuigeuza maabara, akaendelea humo humo na kikundi kidogo. Mwaka 1978 alipewa Nobel peke yake. Mimi nikisikia mtu anasema sayansi ni kukusanya majibu, huwa namkumbuka huyu bwana na nyumba yake.

Turudi kwenye mstari wa matofali. Elektroni imepita mikono yote, imechoka, imefika mwisho. Nani anaipokea? Fundi aliye juu ya ukuta. Fundi huyo ndiye oksijeni. Anapokea elektroni 4, anachukua na protoni 4, na kinachotoka ni molekuli 2 za maji. Kazi yote hii ya mapafu, kifua kupanda na kushuka tangu ulipozaliwa, moyo kupiga usiku na mchana, karibu yote ni kwa ajili ya huyu mmoja aliyesimama mwisho wa foleni, apokee elektroni iliyochoka. Oksijeni uliyoivuta inageuka maji. Kiasi cha glasi moja hivi au zaidi kidogo kwa siku, maji ambayo hukuyanywa.

Yule binti basi, jibu lake ni hili. Kwenye moto, kuni inampa oksijeni elektroni zake zote mara moja, zikiwa na nguvu zake zote, na nguvu hiyo inatoka kama joto na mwanga. Ndani yako oksijeni inapewa elektroni zile zile, lakini mwisho kabisa, baada ya kuchujwa mkono kwa mkono. Hata hivyo, wakusanyaji wetu si hodari wa kuokota kila kitu. Theluthi moja na zaidi ya nishati ya glukosi inahifadhiwa kwenye ATP, sehemu kubwa ya iliyobaki inakuwa joto. Ndiyo hiyo inayokuweka kwenye nyuzi 37 asubuhi kama hii ya leo. Mtu mzima aliyekaa kimya anatoa joto karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 100. Kwa hiyo mliobanana kule nyuma kwenye benchi mnapashana moto kihalali kabisa.

Neno moja kwa walimu wa Baiolojia, wanafunzi zibeni masikio. Vitabu vyetu bado vinasema glukosi moja hutoa ATP 38, vingine 36. Hesabu hizo zilitokana na makisio ya zamani kwamba kila NADH inatoa ATP 3 kamili. Bwawa halihesabiki hivyo. Linavuja kidogo, na protoni nyingine hutumika kuingiza malighafi na kutoa bidhaa. Makisio ya siku hizi ni ATP 30 hadi 32. Kwenye mtihani wa taifa andikeni kilichomo kitabuni, lakini mjue.

Nilisema nitairudia sentensi ile. Oksijeni haikutani na chakula, inasubiri mwisho wa mstari. Sasa jiulizeni, fundi asipofika kazini, mstari utakuwaje? Mtu wa mwisho atabaki na tofali mkononi. Wa nyuma yake hana pa kuliweka lake. Kwa muda mfupi sana mstari mzima umesimama, kila mtu ameshika tofali, na rundo la matofali lipo tele. Wabebaji wote wamejaa, hakuna mtupu wa kwenda kuchukua mzigo mwingine, kwa hiyo hata mzunguko wa Krebs, ambao wenyewe hautumii oksijeni, unasimama. Chakula kimejaa, damu ina sukari, na mtu anakufa. Ubongo, wenye asilimia 2 tu ya uzito wako na unaokula asilimia 20 ya nishati yako, ndio unaozima kwanza.

Jiko la mkaa linafanya hivyo. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu mnajua hali ilivyo, na kila mwaka tunazika watu walioingiza jiko chumbani. Mkaa ukipata hewa ya kutosha hutoa hewa ya ukaa. Ndani ya chumba kilichofungwa, oksijeni ikipungua, unatoa kwa wingi kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Himoglobini ya damu inaishika hewa hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Yaani basi la kumleta fundi kazini limekuja, lakini viti vyote vimekaliwa na mtu asiyeshuka. Kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi mtamu unakuja, na aliyelala hajui kwamba anatakiwa kuamka. Wapo wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini yananyonya sumu. Kaboni monoksidi karibu haiyeyuki kwenye maji, beseni halisaidii kitu. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje haraka, mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Akivuta hewa ya kawaida sumu hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu tu. Akiwekewa oksijeni safi, ni saa 1 hadi moja na nusu.

Muhogo mchungu unaua kwa njia nyingine, na kwa mwalimu wa Baiolojia hii inasisimua, Mungu anisamehe. Ukiukata au kuutafuna muhogo mbichi, seli zake zinapasuka, kimeng'enya kinakutana na kemikali iliyokuwa imetengwa nacho, na sianidi inatoka. Sianidi inakamata chuma kilichomo kwenye protini ya mwisho ya mstari, yule anayesimama jirani kabisa na fundi. Fundi yupo juu ya ukuta, mikono mitupu, basi limemleta salama. Ila jirani yake amefungwa mikono. Mtu anakosa pumzi huku damu yake imejaa oksijeni isiyo na mtumiaji, hata damu ya mishipa inayorudi moyoni inakuwa nyekundu kama inayotoka.

Bibi zetu hawakujua habari ya elektroni, lakini walijua kumenya, kuloweka siku kadhaa, kuvundika, kuponda, kuanika. Kila hatua kati ya hizo inakipa kimeng'enya nafasi ya kumaliza kazi yake nje ya tumbo, na sianidi ikayeyuke au ipeperuke. Hatari inakuja njaa inapobana. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo: watoto na kina mama waliolala wazima, wakaamka miguu imekakamaa, na haikurudi tena. Jina hilo limetoka Congo, kwa Wayaka, likimaanisha miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938. Unaandamana na ulaji wa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, wiki baada ya wiki, bila kitoweo. Kitoweo kina kazi yake hapa: mwili hutumia salfa iliyomo kwenye protini kuigeuza sianidi kuwa kitu chepesi kinachotoka na mkojo. Dagaa wachache pembeni ya ugali wa muhogo wanafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wao.

Kuna viumbe wanaoweza kuishi bila fundi kabisa. Hamira ndani ya kibuyu cha ulanzi ni mmoja wao. Sukari ya mwanzi inakatwa vipande viwili, inapata ATP zake 2, halafu ili wabebaji wake wapate nafasi tena, elektroni zinarudishwa kwenye vipande vile vile na kinachotoka ni pombe na povu la hewa ya ukaa. Nishati karibu yote bado imo kwenye pombe, hamira imeshindwa kuichota. Msuli wako nao hufanya jambo linalofanana na hilo. Mkimbiaji wa mita 100 hana muda wa kusubiri oksijeni, anakata sukari na kubaki na asidi ya laktiki. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32, sehemu kubwa ya mbio zile zilikuwa za mitokondria. Na msiilaumu laktiki kwa maumivu ya kesho yake. Inaondolewa kwenye msuli ndani ya saa chache, moyo unaichoma, ini linaigeuza sukari tena. Maumivu ya kesho yake ni michubuko midogo ya msuli wenyewe.

Kichekesho ni seli nyekundu za damu. Zinabeba oksijeni maisha yao yote, na hazina hata mitokondria moja. Zinaishi kwa zile ATP 2 za kukata sukari. Ni kama dereva wa lori la mafuta anayekwenda nyumbani kwa baiskeli.

Nimeulizwa pale mapokezi na mzazi mmoja kama dona kweli ina nguvu kuliko sembe, au ni maneno ya watu wa lishe. Kwa kalori hazipishani sana. Tofauti ipo mlangoni mwa mitokondria. Kile kimeng'enya kinachomnyang'anya piruvati kaboni na kumwingiza ndani hakifanyi kazi bila vitamini B1. NAD yenyewe inatengenezwa kwa vitamini B3, na mwenzake kwa B2. Vitamini hizi nyingi zimo kwenye pumba na kiini cha punje, na sembe tunazitupa zote mbili, tunawapa kuku. Kuku wa kule Java ndio walioonyesha hivyo miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alipoona waliolishwa mchele uliokobolewa miguu inakufa ganzi, na waliorudishiwa pumba wanapona. Kwa hiyo mama, dona haina nguvu zaidi. Ina funguo. Ila nunua kidogo kidogo, maana mafuta ya kiini huifanya ichache mapema.

Nimebakiwa na dakika 2 na karatasi moja iliyopitishwa kutoka nyuma, haina jina, lakini mwandiko ni wa mtu mzima. Inauliza: mtu akipungua mwili, yale mafuta yanakwenda wapi?

Wengi watasema yanatoka na jasho, wengine chooni. Mafuta yanapita njia ile ile tuliyoipita leo: yanakatwa, yanaingia mzunguko wa Krebs, kaboni zinatoka kama hewa ya ukaa, elektroni zinaishia kwa oksijeni zikawa maji. Ukipunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zimetoka puani na mdomoni kama hewa ya ukaa, na kilo 1.6 ni maji. Na kabla mtu hajaanza kuhema hapo alipokaa: kuhema tu hakusaidii, lazima kwanza msuli uitishe ATP. Ngoma inaanza sasa hivi, na uwanja ni mpana. Asanteni sana.